Baridi ya mwezi wa sita: mbabula, resho ao kitunga?



Tumefika tena katika miezi yenye kila mtu wa Kamina anatembea asubuhi na bulangeti mabegani. Watu wa mbali wanafikiri Kongo yote ni joto. Sisi tuko juu, karibu metre 1100 kutoka usawa wa bahari. Mvua ikikatika na mbingu ikikosa mawingu, joto lote la mchana linapanda na kwenda zake. Mwezi wa sita na wa saba digri za usiku zinashuka chini ya 15, na katika nyumba ya mabati isiyo na plafo mtoto analia saa tisa za usiku hata kama hana ugonjwa wowote.

Ndiyo sababu juma hili tunalinganisha njia ambazo mama anaweza kutumia kwa kupika na kwa kupasha nyumba joto, bila franka zote za juma kuishia kwenye gunia la makala. Lakini tunaanza na jambo moja ambalo si la franka.

Wengi wanafanya hivi: bukari ya jioni inapikwa inje, halafu mbabula inaingizwa ndani na makala yenye kubaki nyekundu, mlango unafungwa, hata tundu la chini linazibwa na nguo, watu wanalala. Makala yenye kuwaka namna hiyo inatoa hewa inayoitwa monoksidi ya kaboni. Haina rangi, haina harufu, haichomi macho. Moshi wa kuni ni mbaya, lakini angalau unakuamsha na kukufukuza. Hewa hii inakulaza. Katika damu inakaa mahali pa oksijeni, na inashika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe. Mtoto tumboni anaumia hata kabla mama yake hajasikia vibaya sana.

Na usidanganywe na makala isiyo na moshi. Mama wengi wanasema: «Mimi naingiza mbabula wakati moshi umekwisha.» Moshi umekwisha, ndiyo, lakini hewa ile inaendelea kutoka mpaka makala ya mwisho izimike. Bakuli la maji kando ya mbabula haliiondoi. Mbabula ya kisasa, hata yenye kununuliwa kwa bei kubwa, haiiondoi vilevile.

Dalili zake zinafanana na malaria, na hapo ndipo tunapotea: kichwa kuuma, kizunguzungu, kutapika, miguu kukosa nguvu. Tofauti ni kwamba watu wote wa nyumba wanaamka hivyo asubuhi moja, na wakikaa inje kidogo wanaanza kusikia nafuu. Ukikuta watu katika hali hiyo, fungua milango na madirisha, watoe wote inje kwenye hewa, toa mbabula, na uwapeleke lopitali hata kama wanasema wamepona, kwa sababu kule wanaweza kupewa oksijeni. Maziwa ao mafuta ya mawese hayaondoi hewa hii katika damu. Mtu aliyezimia akinyweshwa kitu anaweza kupaliwa na kufa kwa hilo. Mlaze kwa ubavu tu.

Basi mbabula inalala inje. Hilo halina mjadala katika ukurasa huu. Swali lenye kubaki ni namna gani watoto watapata joto.

Mwili wenyewe ni moto mdogo, na kazi yetu ni kuuzuia usitoke. Baridi kubwa ya usiku inatoka chini. Mama anaongeza bulangeti la pili juu ya mtoto, wakati chini mtoto amelala juu ya mkeka mmoja kwenye sima yenye baridi kama maji ya mto. Weka bulangeti hilo chini yake, ao weka karto kavu, ao gunia lililojazwa majani makavu, na utaona tofauti usiku huohuo. Juu, mabati yanapoteza joto haraka sana. Plafo ya mikeka ao ya magunia yaliyoshonwa pamoja inasaidia zaidi kuliko mbabula, na inasaidia vilevile mwezi wa kumi wakati wa joto kali. Acha tu nafasi ya hewa kupita karibu na paa.

Kuna pia tofali. Tofali la kuchoma linawekwa karibu na moto wakati bukari inapikwa, halafu linafungwa katika nguo nzito mbili na kuwekwa miguuni saa ya kulala. Linashika joto kwa muda mrefu. Lijaribu kwanza juu ya mkono wako mwenyewe, na kwa mtoto mchanga liondoe kitandani kabla hajalazwa, kwa sababu ngozi yake inaungua na kitu ambacho wewe unasikia ni vuguvugu tu.

Na kwa maji ya kuoga, kwa nini kuchoma makala wakati mbingu ya mwezi wa sita ni safi kutoka asubuhi mpaka jioni? Bido nyeusi, ao iliyopakwa rangi nyeusi, iliyojazwa maji na kuwekwa kwenye jua saa nne, imezuiwa upepo na ukuta, saa tisa ina maji ya kuogesha watoto. Maji ya kunywa ni jambo lingine: hayo yachemshwe.

Sasa kupika, kwa sababu huko ndiko makala mengi yanakwenda.

Kilo moja ya makala makavu ina nguvu ya karibu kilowati-saa 8. Mbabula yetu ya chuma, ile yenye matundu pande zote, inapeleka katika sufuria sehemu 15 mpaka 20 tu kwa mia. Nyingine zote zinapasha miguu ya mpishi na upepo wa kiwanja. Resho ya umeme inapeleka karibu 70 kwa mia. Ukifanya hesabu, utakuta kwamba kilo moja ya makala katika mbabula ya chuma inafanya kazi karibu sawa na resho ya wati 1000 yenye kuwaka saa mbili, maana yake kilowati-saa 2. Kwa hiyo mwenye umeme asiulize jirani kama resho «inakula sana». Apime kilo moja ya makala sokoni, aulize bei ya kilowati-saa 2, alinganishe. Bei zinabadilika kila msimu, lakini hesabu hii haibadiliki.

Shida ya resho tunaijua wote: umeme haufiki katika kila kartie, na pale unapofika unaweza kukatika sufuria ikiwa juu. Inashangaza kidogo, kwa mji ambao njia ya treni ya umeme ilifika, lakini ndivyo ilivyo. Mwenye resho asitupe mbabula. Na wale wanaouliza juu ya paneli za jua: paneli ya wati 100, yenye kutosha taa na simu, kwa siku nzima ya jua inakusanya karibu nusu ya kilowati-saa. Hiyo ni nusu saa ya resho, basi. Usimwamini mchuuzi anayekuambia itapika maharagi. Gazi ya chupa inapika vizuri na haraka, bila majivu, lakini chupa ikiisha inaomba ijazwe, na kwetu gazi inatoka mbali. Makaa ya mawe ya Luena, ambayo wengine wanaokota na kuleta, ni ya viwanda na mashine. Moshi wake haufai karibu na chakula wala watoto.

Kwa nyumba nyingi za Kamina, chaguo la kweli ni kati ya mbabula ya chuma na mbabula yenye udongo ndani. Hii ya pili ina historia yenye kufurahisha. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Wakenya walichukua umbo la jiko la ndoo la Thailand, wakalibadilisha na mafundi wa bati wa Nairobi: inje chuma, ndani kikombe cha udongo uliochomwa, chini matundu madogo na mlango wa kupunguza hewa. Miaka hiyohiyo chama cha wanawake cha Kenya, Maendeleo ya Wanawake, kilisaidia kueneza jiko lingine la udongo, la kuni, kwa mama wa vijijini, na wanawake wengi walijifunza kulifinyanga wenyewe na kuliuza. Udongo unashika joto na kulirudisha kwenye sufuria. Mlango unakuwezesha kushusha moto chakula kikishachemka. Mbabula kama hiyo iliyotengenezwa vizuri inaokoa theluthi moja ya makala, mara nyingine karibu nusu. Nyumba yenye kumaliza magunia matatu itamaliza mawili ao chini yake.

Udongo mzuri hatuukosi. Vichuguu vyetu vikubwa vinatoa udongo wenye kushikana vizuri, ule tunaofanyia matofali. Tunachokosa ni mfinyanzi na fundi bati kukaa pamoja siku moja.

Na kuna njia ambayo haina bei kabisa, ninayoipenda kuliko zote: kitunga. Chukua kitunga kikubwa ao karto, weka ndani nguo kuukuu, majani makavu ao bulangeti lililochanika, unene wa kiganja pande zote. Maharagi yaliyolowekwa usiku yachemke kwa nguvu dakika 15 kamili, si chini ya 10, kwa sababu maharagi mekundu yana sumu ambayo moto mdogo hauiui. Funika sufuria, itoe kwenye moto ikiwa bado inachemka, izike katikati ya kitunga, funika juu na mto mzito. Usifungue kuchungulia! Baada ya saa tatu ao nne irudishe motoni kidogo, ichemke tena, uongeze chumvi na mafuta. Makala ya saa tatu yamebaki katika gunia. Mchele, viazi na nyama ngumu vinakubali pia. Sombe inaomba moto wazi mwanzoni, sufuria bila kifuniko, ili ubaya wa majani ya muhogo utoke. Kitunga kinakuja baadaye. Bukari haihusiki, bukari inataka mkono.

Tunasema hayo yote pia kwa sababu ya miti. Tanuru ya udongo ya wachoma makala inaomba kilo 5 mpaka 10 za mti kwa kilo moja ya makala. Kila mama anajua kwamba magunia yanatoka mbali zaidi kuliko zamani, na bei inafuata barabara. Kivu ya Kaskazini, WWF ilianza mwaka 2007 mradi wa EcoMakala, ambapo wakulima wanapanda miti yao ya kuchoma badala ya kuingia katika mbuga ya Virunga. Hapa kwetu mti unaokatwa bado ni mti wa pori.

Kwa makundi yenye likelemba: anzeni na mbabula mbili ao tatu za udongo, zizunguke, kila mama juma moja. Pimeni makala kwa kopo lilelile kabla na baada, kwa chakula kilekile. Kabla ya kununua, gonga kikombe cha udongo na kidole. Kikilia kwa sauti safi, kimechomwa vizuri. Kikitoa sauti nzito iliyokufa, kina ufa ndani hata kama hauonekani. Kiache kwa muuzaji. Na siku za kwanza washa moto mdogo tu, kwa sababu udongo mpya wenye maji ndani ukipewa moto mkali unapasuka.