Ralph Mercado, promota aliyeipa salsa ukumbi

Akiwa bado kijana mtaani kwao Brooklyn, New York, Ralph Mercado aliandaa dansi zenye kiingilio cha aina yake: wasichana walipimwa kiuno mlangoni, na kadiri kiuno kilivyokuwa chembamba ndivyo malipo yalivyopungua. Leo jambo hilo lisingekubalika, na ni haki lisikubalike. Lakini tayari kijana huyo alikuwa ameshajua kitu ambacho mapromota wengi hujifunza baada ya kula hasara, kwamba dansi inayosimuliwa mtaani kabla haijapigwa ndiyo itakayojaza ukumbi.

Mercado alizaliwa mwaka 1941, baba akiwa na asili ya Jamhuri ya Dominika na mama Puerto Rico. Hakuimba wala hakupiga ala iliyompatia jina. Ndiyo maana wapenzi wengi wa salsa wanamjua mwimbaji Celia Cruz na mpiga ngoma Tito Puente lakini hawamjui mtu aliyewatafutia kazi, akawalipa, akawapeleka nchi za mbali. Naona huo ni upungufu mkubwa katika namna tunavyoisimulia historia ya muziki.

Alikuwa meneja wa mpiga piano Eddie Palmieri, na miaka ya mwanzo ya 1970 akawa promota wa dansi za klabu ya Cheetah, Manhattan. Huko ndiko kundi la salsa la Fania All Stars lilikopiga Agosti 26, 1971, kamera za mwongozaji filamu Leon Gast zikilirekodi. Ilikuwa Alhamisi, kesho yake watu wana kazi, na bado ukumbi ulifurika. Filamu iliyotokana na usiku ule, Our Latin Thing, ilitoka mwaka 1972 na kuisambaza salsa nje ya mitaa ya Wapuerto Rico. Miaka miwili baadaye kundi hilo lilikuwa Kinshasa na Celia Cruz, katika tamasha lililoandaliwa kusindikiza pambano la Muhammad Ali na George Foreman. Wakongo hawakuwa wageni wa midundo ya Kuba iliyomo ndani ya salsa. Rumba yao ilikuwa imeshaipokea zamani.

Nyumbani New York, dansi zilikuwa na mtindo wa kuweka bendi mbili usiku mmoja: hii ikishuka, ile inapanda, wachezaji wasipoe. Promota alipaswa kujua bendi ipi ianze, ipi ishike usiku mzito, na nani asiwekwe na nani. Mercado aliijua kazi hiyo mpaka akathubutu kuuza Jumatatu, usiku uliokufa kibiashara. Katika klabu ya Village Gate alikutanisha bendi za salsa na wapulizaji wa jazi, na Jumatatu ikapata watu wake. Pia alilipeleka tamasha la salsa Madison Square Garden, ukumbi wa maelfu.

Mwaka 1987 alianzisha kampuni ya muziki ya RMM. Kwa maoni yangu, hapa ndipo macho yake ya ukumbini yalipofaa kuliko popote. Vijana wa Kilatino wa New York walikuwa wamehamia kwenye hausi na hip hop, na salsa ilionekana muziki wa wazazi. Mercado aliwachukua La India na Marc Anthony, waliokuwa wakiimba muziki wa klabu kwa Kiingereza, akawatoa kama waimbaji wa salsa. Albamu ya Marc Anthony ya mwaka 1993, Otra Nota, iliwarudisha vijana kucheza.

Kampuni hiyo iliangushwa na wimbo mmoja. Mtunzi Glenn Monroig aliishtaki kwa kuutumia utunzi wake bila idhini, na baraza la mahakama likaamuru alipwe dola milioni 7.7. RMM ikafilisika, na mwaka 2001 mali zake zikachukuliwa na kampuni ya Universal. Inauma, lakini mtunzi alistahili haki yake.

Mercado alifariki dunia Machi 10, 2009, akiwa na umri wa miaka 67, kwa saratani. Nasi huku kwetu tunao mapromota wa aina yake, waliokodi kumbi, wakabandika matangazo na kulipa bendi za dansi Dar es Salaam, Nairobi na Lubumbashi. Wengi ni wazee sasa. Wewe mtangazaji, wewe mwandishi mwenzangu, unayemjua mmoja wao, mfuate umhoji na jina lake uliandike.