Gari Kuukuu Lina Bei Gani? Bima ya Magari ya Zamani Kasongo na Kabambare

Mwenye Land Cruiser ya mwaka 1982 akienda kukata bima, jambo la kwanza analouliza ni ada ya mwaka mzima. Ni swali la haki, ila limewahi mno. Gari lililotoka dukani juzi lina bei inayojulikana na kila mtu: muuzaji anayo, forodha wanayo, na kampuni ya bima inayo. Gari la miaka arobaini halina bei ya namna hiyo. Bei yake inategemea nani analitazama, na siku ya ajali anayelitazama ni mtu mwenye sababu ya kuliona halina thamani. Ndiyo maana ninashikilia kwamba mwenye gari kuukuu, awe Kasongo, Kabambare au Nairobi, apatane kwanza na kampuni juu ya thamani ya gari lake, na mapatano hayo yaandikwe ndani ya hati ya bima. Kampuni ikikataa, asilipie kinga ya gari lenyewe. Akate bima ya lazima, aikate vizuri, na fedha iliyobaki aiweke kwa ajili ya vipuri.

Kusini mwa Maniema, mkoa wa Kongo zilimo Kasongo na Kabambare, magari ya zamani si pambo. Reli ya kutoka Kindu kwenda Kabalo inapita Samba, na haifiki Kasongo mjini, wala Kabambare. Kutoka Samba mzigo unategemea pikipiki, lori, na magari ambayo mvua ya Novemba haiyatishi. Land Cruiser za aina ya 40, zilizotengenezwa kuanzia 1960 hadi 1984, na Land Rover za muundo ulioanza 1948 na kukoma Januari 2016, zinadumu katika njia kama hizi kwa sababu fundi anaweza kuzifungua chini ya mwembe na kuzifunga tena. Springi za majani zinafuliwa. Injini ya dizeli ya zamani haiulizi kompyuta. Chesi iliyopasuka inachomelewa, na gari linarudi barabarani. Gari jipya lenye sensa ishirini likizima katikati ya njia ya Kabambare, linasubiri mtaalamu kutoka mbali. Hiyo ni thamani ya kazi. Ipo na thamani nyingine: magari hayo hayo, yakitunzwa, yanatafutwa na wakusanyaji Ulaya na Marekani, na kule Kenya mashindano ya magari ya Safari Classic, yaliyoanza 2003, yamewarudisha barabarani ndugu za zile Peugeot 504 zilizoshinda Safari mwaka 1975 na 1978. Jedwali la kawaida la bima halioni thamani ya kazi wala hiyo ya pili. Linahesabu miaka tu.

Hapo ndipo mkataba wa kawaida unapomuumiza mtu bila yeye kujua. Hati nyingi za bima ya gari huahidi kulipa thamani ya soko siku ya hasara, baada ya kuondoa uchakavu. Kwa gari la miaka mitatu hesabu hiyo inaeleweka, maana yapo mengine mia ya kulinganisha. Kwa gari la miaka arobaini, uchakavu ukihesabiwa kwa mwaka unakula bei yote, hata kama injini ilifunguliwa mwaka jana, bodi ikanyooshwa na matairi ni mapya. Mwenye gari amelipa ada kila mwaka, na mwishoni anapewa fedha isiyotosha kununua giaboksi.

Dawa ya tatizo hili ni ya kale kuliko magari yenyewe, na ilitoka kwa mabaharia. Sheria ya Uingereza ya bima ya bahari ya mwaka 1906 inatofautisha hati iliyotaja thamani ya chombo na ile isiyoitaja. Ikitajwa, na pasiwe na udanganyifu, thamani hiyo ndiyo inayowafunga wote wawili. Watu wa bahari walijua kwamba chombo kinachotunzwa hakizeeki kwa kalenda. Meli ya Liemba, iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913, ilizamishwa Ziwa Tanganyika mwaka 1916, ikaopolewa 1924 na kurudi kazini 1927; nani angeipangia bei kwa kuhesabu umri? Hata kampuni ya Hagerty ya Michigan, ambayo leo ni jina kubwa katika bima ya magari ya kale, ilianza 1984 kwa kukatia bima mashua za mbao, ikaja kwenye magari mwaka 1991. Njia ikawa ile ile: mkadiriaji anakagua, pande mbili zinakubaliana, kiasi kinaandikwa.

Msomaji anayeijua sheria atasema kwamba Kongo imerithi mapokeo ya Ubelgiji na Ufaransa, ambamo bima ya mali ni fidia na haiwezi kuwa faida, hivyo huwezi kujiandikia bei unayoipenda. Ni kweli, na inafaa iwe hivyo. Lakini thamani iliyokubaliwa haimpi mtu ruhusa ya kutia chumvi. Kazi yake ni kuhamisha mzigo wa ushahidi. Pasipo mapatano, wewe ndiye unayehangaika kuthibitisha kwamba gari lililogeuka chuma kilichokunjamana lilikuwa zima jana. Pakiwa na mapatano, anayedai bei ilizidishwa ndiye anayepaswa kuonyesha.

Kosa la upande wa pili ni kutaja bei ndogo ili ada ishuke. Tuseme gari lina thamani ya dola 12,000, na mwenyewe ameandikisha 6,000. Linagonga, matengenezo ni dola 2,000. Atadhani atalipwa 2,000, maana ni chini ya 6,000. Mikataba mingi inatumia kanuni ya uwiano: umelipia nusu ya thamani, basi unalipwa nusu ya hasara, yaani 1,000, na kutoka hapo wanaondoa kile kiasi ambacho kila mkatiwa bima hujibebea. Aliyedhani ameokoa ada ameinunua hasara yake mwenyewe.

Jambo la bima ya lazima halina mjadala mrefu. Tangu sheria namba 73-013 ya tarehe 5 Januari 1973, kila mwenye gari linalotembea Kongo anatakiwa awe na bima ya madhara anayoweza kuwafanyia wengine, na umri wa gari hausamehe. Gari kuukuu lenye breki za zamani likimgonga mtoto karibu na soko, mali ya mwenyewe si kitu mbele ya gharama za hospitali na fidia ya familia. Kwa hiyo, fedha ikiwa kidogo, ianze hapa, kisha kwa watu waliopakiwa, maana huku gari la mizigo linabeba na abiria juu ya magunia, na wengi wanadhani abiria hao wamo katika karatasi ile ile. Ulizeni, na idadi ya viti iandikwe kama inavyotumika kweli.

Wapo wanaosema asiransi ni kodi nyingine tu, karatasi ya kumwonyesha polisi. Manung'uniko hayo yana historia. SONAS, kampuni ya bima ya serikali, iliundwa mwaka 1966, na kwa karibu nusu karne mtu hakuwa na mlango mwingine wa kubisha. Asiyekuwa na mlango mwingine hajadiliani. Lakini sheria namba 15/005 ya tarehe 17 Machi 2015 ilifungua soko, mamlaka ya usimamizi, ARCA, ikaanza kazi, na tangu 2019 kampuni binafsi kama Rawsur, Activa na SFA zimepewa leseni kando ya SONAS. Kuomba thamani iliyokubaliwa, jambo ambalo zamani lingeonekana kiburi, sasa ni biashara ya kawaida: ukikataliwa hapa, unauliza pale. Umbali unabaki kuwa tatizo la kweli, na sidharau safari ya kutoka Kabambare kufuata dai. Ndiyo sababu jalada liandaliwe mapema, gari likiwa zima: picha za pande zote na za chini, namba ya chesi iliyopigwa mhuri kwenye chuma, risiti za vipuri, na ripoti ya fundi yenye tarehe. Tena injini. Land Rover nyingi za zamani zinatembea kwa injini ya Toyota, na carte rose, yaani kadi ya usajili wa gari, bado inataja ya kwanza. Hilo likifichwa, kampuni ina haki ya kusema ilikatia bima gari jingine.

Pingamizi zito kuliko yote ni la usalama. Kabambare imeteswa na makundi yenye silaha. Machafuko ya Salamabila, humo humo Kabambare, yaliusimamisha hata mgodi wa dhahabu wa Namoya, wenye walinzi na fedha. Bima ya kawaida ya gari huondoa vita, uasi na ghasia. Mtu atauliza: basi faida iko wapi, kama hatari kubwa ndiyo iliyotolewa? Jibu langu ni kwamba hoja hii inaiimarisha ile niliyoanza nayo. Hatari ambayo kampuni haiibebi isilipiwe ndani ya ada kubwa kwa matumaini matupu. Isomwe ibara hiyo neno kwa neno, iulizwe kama wizi wa kutumia silaha unahesabiwa kuwa wizi au vita, na jibu litolewe kwa maandishi. Iulizwe pia kama gari likiwa juu ya baki, yaani kivuko, likivuka mto Lualaba, bado lina kinga, maana hati nyingi zinaandikwa kwa kufikiria barabara pekee.

Limebaki suala la mabaki, ambalo wengi hawalitazami kabisa. Kampuni ikilipa hasara kamili, kwa kawaida gari lililovunjika linakuwa lake, au thamani yake inakatwa kwenye malipo. Kwa gari jipya hilo si neno. Kwa Land Cruiser ya aina ya 40, ekseli, sanduku la usukani, milango na fremu ya kioo ni vitu ambavyo havipatikani dukani Kasongo, na ndivyo vitakavyolifufua gari jingine. Hati iseme wazi kwamba mwenye gari ana haki ya kubaki na mabaki, na itaje asilimia itakayokatwa kwa ajili yake, kabla ya saini.