Linta Inayoishia Dirishani

Tope lilipoporomoka kutoka Mlima Hanang Desemba 3, 2023 na kuua zaidi ya watu 80 Katesh na vijiji vya jirani, Serikali ilieleza kuwa halikuwa tetemeko wala volkano: sehemu ya mlima iliyonyonya maji ya mvua ilimeguka. Maelezo hayo yametuliza watu kupita kiasi. Gitting, chini ya mlima huohuo, imo katika Bonde la Ufa, na Mei 7, 1964 eneo jirani la Mbulu lilipigwa na tetemeko la ukubwa wa 6.4. Lile la Kagera la Septemba 10, 2016, lililobomoa nyumba kwa maelfu, lilikuwa 5.9. Kwa nishati iliyotoka ardhini, la Mbulu lililizidi zaidi ya mara tano.

Nyumba ndiyo inayoua. Fundi wa matofali ya kuchoma atakuonyesha tatizo lilipo: linta. Nyumba nyingi vijijini zina kipande cha zege juu ya mlango na dirisha, basi. Linta ya kweli huzunguka nyumba nzima kama mkanda, nondo zikipindwa kila kona na kufungwa pamoja, na kenchi zikashikizwa hapo. Ardhi ikiyumba, kuta zinazokutana konani huvutana, kila moja na upande wake. Ufa huanzia hapo, tofali lililojengewa udongo likaachia, ukuta ukalala nje na paa likafuata. Tembe ya Wairaqw, nyumba yao ya asili yenye paa la udongo, ilibebwa na nguzo za miti, si ukuta. Simtumi mtu arudi kwenye tembe, maana udongo wa paa lile ni mzigo wa kufukia watu, na bati ni jepesi. Ila tulipoziacha nguzo, kazi yake hatukuikabidhi kwa chochote.

Watasema nondo na saruji ni ghali, na la 1964 wengi hawakuliona. Gharama ni kweli. Basi punguza chumba kimoja, linta ibaki. Na uchache wa matetemeko si kinga, kwa kuwa nyumba ya matofali hujengwa ikae miaka mingi. Gumu zaidi ni hili: kijijini nani anakagua ukuta kabla haujapauliwa? Na madarasa yaliyojengwa kwa michango, nani amezitazama kona zake? Unayejenga kiangazi hiki, kabla hujalipia bati, mwambie fundi akuonyeshe nondo zinavyopinda konani.