Gari chakavu la bei chee Tunduma: kadi kwanza, injini baadaye

Kila siku magari yaliyokwishatumika Japan na Uingereza hupita Tunduma yakitoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Zambia na Kongo. Wenyeji huyaita magari ya IT. Mkulima wa Mbozi au Momba akisimama kando ya barabara kuu ya Tanzam na kuyatazama yanavyopita, ni rahisi kudhani kwamba hapa mpakani ndipo pa kupata Land Cruiser kwa bei ya pikipiki mbili. Dalali naye huwa hayuko mbali.

Hasara nyingi huanzia hapo. Gari la IT limeingia nchini kwa kibali cha kupita tu, halijalipiwa ushuru wa Tanzania. Likibaki, Mamlaka ya Mapato (TRA) ina uwezo wa kulikamata, na aliyelinunua hukosa gari na fedha zake pia. Gari lenye namba za Zambia linalouzwa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, nalo lina shida ya namna hiyo. Bei inayotajwa pale haina ushuru wa forodha wala VAT ya huku, na sheria huyaongezea mzigo wa ushuru magari yenye umri mkubwa, ambayo ndiyo hayo ya bei rahisi. Bei ya Nakonde si bei ya gari hilohilo likishafika Vwawa kihalali.

Hata gari lenye namba za Tanzania lina mitego yake. Jina lililo kwenye kadi liwe la huyo anayeuza, si la shemeji yake aliyehamia Sumbawanga. Namba ya chesisi isomwe kwenye chuma chenyewe, baada ya kufuta tope na grisi, kisha ilinganishwe na kadi. Hadi mwaka 2017 mnunuzi alilazimika pia kuchunguza deni la ada ya mwaka ya leseni ya gari. Bajeti ya mwaka huo iliifuta na kuihamishia kwenye bei ya mafuta. Faini za trafiki bado zinafuata namba ya gari, hivyo deni liulizwe kabla fedha hazijatoka mfukoni. Mkataba wa mauziano na TIN za pande zote mbili ndivyo vitakavyowezesha kubadili umiliki TRA. Anayeahirisha kazi hiyo mpaka baada ya mavuno huenda akamtafuta muuzaji asimpate.

Njia iliyo salama zaidi kwa upande wa karatasi ni mnada wa magari ya serikali na ya miradi, yale yenye namba za ST au DFP. Masharti yake hutangazwa magazetini: gari huuzwa kama lilivyo mahali lilipo, mshindi hulipa papo hapo amana isiyopungua asilimia 25, na kiasi kilichobaki kwa kawaida ndani ya siku 14. Asiyetimiza hupoteza amana. Tatizo ni kwamba gari la mnadani mara nyingi haliwashwi. Siku za kulikagua zipo, na mwenye akili huenda na fundi wake, hata kama atamlipa nauli na chakula cha mchana.

Lakini je, gari la magurudumu manne linahitajika kweli? Tangu barabara ya Mpemba hadi Isongole iwekwe lami, mfanyabiashara wa Ileje anayefuata barabara hiyo anaweza kutosheka na pikapu ya kawaida, inayokula mafuta kidogo na yenye vyuma vichache vya kuharibika. Anayepeleka mbolea shambani Desemba kwenye udongo wa mfinyanzi, au anayefuata mpunga bonde la Kamsamba, huyo ana sababu.

Kwa huyo, uchaguzi uongozwe na spea na fundi, si na sura ya gari. Land Cruiser "mkonga" yenye injini ya 1HZ, dizeli ya silinda sita isiyo na turbo, haina mambo mengi, ila hata ikiwa kuukuu bei yake haishuki kirahisi. Hilux za injini za 2L, 3L na 5L zinafahamika karibu kila gereji. Zile za 2L zenye turbo zina sifa mbaya ya kupasuka silinda hedi zikipata joto. Land Rover Defender, iliyoacha kutengenezwa Uingereza mwaka 2016, mwaka uleule Songwe ilipokuwa mkoa, humdanganya mnunuzi kwa bodi yake: bodi ni ya aluminiamu na haishiki kutu, huku chesisi ya chuma chini yake ikiliwa taratibu.

Ndiyo maana ukaguzi huanzia chini ya gari. Fundi agonge chesisi kwa nyundo toka mbele hadi nyuma. Panapotoa sauti nzito pamekwisha, hata kama pamepakwa rangi nyeusi mpya. Rangi mpya mahali pasipoonekana ni ya kutiliwa shaka. Aangalie pia kama propela shafti ya mbele ipo. Wapo wauzaji wanaoing'oa ili kuficha difu lililokufa, na gari likaendelea kutembea vizuri kwenye lami.

Injini iwashwe asubuhi ikiwa baridi, na mkono wa mnunuzi uthibitishe kwamba ni baridi. Moshi wa bluu maana yake inaunguza oili. Mapovu yasiyokoma kwenye rejeta, au oili iliyo kama chai ya maziwa, ni dalili za gasketi au silinda hedi. Pampu ya dizeli nayo isisahaulike: hulainishwa na dizeli yenyewe, na gari lililofanya kazi kabla ya 2011, mwaka ambao serikali ilipandisha kodi ya mafuta ya taa ili kukomesha uchakachuaji, huenda lilinyweshwa mchanganyiko huo kwa miaka.

Tuseme mkulima ana shilingi milioni 12. Gari lisizidi milioni nane. Nne zinazobaki ziende kwanza kwenye breki na usukani, kisha mkanda wa taimingi, ambao kwa injini hizo za Toyota hubadilishwa kila kilometa 100,000 na ukikatika huweza kuvunja valvu. Ubadilishwe hata muuzaji akiapa kwamba ni mpya. Baada ya hapo oili zote, pamoja na za giaboksi na difu, na rejeta izibuliwe. Tairi zifuate. Redio na viti vinaweza kusubiri mwaka mwingine.

Kazi hiyo ifanyike wakati wa kiangazi, halafu gari lijaribiwe kabla ya mvua: kutoka Mlowo kuteremka Kamsamba likiwa tupu, kwa gia nzito bila kukanyagia breki muda wote, na kurudi juu likiwa na magunia machache. Mshale wa joto ukipanda kwenye mlima ule, lirudi gereji kabla mbolea haijapakiwa.