Kupona Kidonda Si Mwisho wa Safari

Ijumaa moja baada ya swala, hapa Kasulu, mzee wa jamaa yetu alisimama mlangoni mwa msikiti akipokea pongezi. Alikuwa amerejea kutoka Dar es Salaam, ambako madaktari walimwondolea sehemu ya pafu iliyokuwa na uvimbe wa saratani. Kidonda kilikuwa kimefunga, kikohozi kimetulia, na kila aliyempa mkono alimwambia: "Alhamdulillah, Mzee, umepona." Mfukoni mwake ilikuwamo kadi yenye tarehe ya kurudi kliniki. Tarehe hiyo ikapita, na ya pili ikapita vilevile.

Nilipomuuliza, alinijibu kwa upole: "Katibu mwanangu, Mwenyezi Mungu amekwisha niponya. Nikirudi kupimwa, si nitakuwa ninamtilia shaka? Na nauli yenyewe ni mbuzi wawili." Hoja hizo mbili, ya imani na ya nauli, zinastahiki kujibiwa.

Tuanze na maradhi yenyewe. Mpasuaji huondoa uvimbe anaouona. Lakini yamkini seli chache zimekwisha toka humo kupitia damu au tezi za limfu, zikajificha mahali ambapo jicho wala picha haviwezi kuzifikia. Seli hizo zaweza kulala kwa miezi au miaka, kisha zikaota upya ndani ya pafu, katika ini, mifupa au ubongo. Ndiyo sababu mtu hujiona mzima kabisa ilhali maradhi yamo njiani kurudi.

Je, yaweza kujulikana mapema ni nani yatamrudia? Dalili kongwe ni hali ya uvimbe wenyewe: ukubwa wake, na iwapo tezi za limfu zilizo jirani zimekwisha kuguswa. Zaidi ya hapo wataalamu hutafuta viashiria vya kibaiolojia, yaani alama ambazo saratani huziacha mwilini. Mojawapo ni protini iitwayo CEA, inayopimwa katika damu. Ikibaki juu baada ya upasuaji, au ikipanda tena baada ya kushuka, daktari hupata sababu ya kuchunguza zaidi. Hata hivyo haitoshi peke yake, kwani hupanda pia kwa wavutaji sigara na kwa baadhi ya maradhi mengine.

Kiashiria kipya zaidi ni vipande vya DNA vinavyomwagwa na seli za saratani ndani ya damu. Nchini Uingereza, watafiti wa mradi wa TRACERx, ulioanza mwaka 2014, walionyesha mwaka 2017 kwamba kwa baadhi ya wagonjwa waliofanyiwa upasuaji wa mapafu, vipande hivyo huonekana katika damu kabla ya picha kuonyesha uvimbe mpya. Lakini kutoonekana kwake si hati ya usalama, kwa kuwa uvimbe mdogo huenda usimwage vya kutosha kupimika.

Vipimo vya namna hiyo havijawa vya kawaida katika hospitali za wilaya kama zetu za Kasulu na Kibondo. Basi kwetu sisi kiashiria kikuu ni ile kadi ya kliniki. Utaratibu unaofuatwa kwa wengi ni mgonjwa kuonwa na kupigwa picha ya CT ya kifua kila miezi 6 kwa miaka 2 au 3 ya mwanzo, kisha mara moja kwa mwaka. Katikati ya tarehe hizo, kikohozi kipya, makohozi yenye damu, kukonda, maumivu ya mifupa au ya kichwa yasiyoisha ni sababu ya kurudi bila kungoja. Na anayeendelea kuvuta sigara baada ya upasuaji anajidhuru mwenyewe.

Ama hoja ya imani, Mtume (S.A.W.) alituhimiza kutafuta tiba, na alimfundisha yule bedui amfunge kwanza ngamia wake, ndipo amtegemee Mwenyezi Mungu. Kupimwa ni kumfunga ngamia. Aliyeponya mara ya kwanza ndiye aliyejaalia elimu ya kugundua maradhi yangali madogo.

Hoja ya nauli ni nzito zaidi, nayo si ya mgonjwa peke yake. Kutoka hapa hadi Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, ni zaidi ya kilomita 1,000. Hospitali ya Bugando, Mwanza, iko karibu zaidi kwa njia ya Kibondo na Nyakanazi, nayo pia ni safari ya siku nzima. Sisi tulio wepesi wa kuchangia sanda na chakula cha matanga, tushindweje kuchangia tiketi ya basi la mtu aliye hai?

Kamati yetu imefungua ukurasa katika daftari la msikiti: tarehe za kliniki za wagonjwa walioridhia kuandikwa, na mchango wa nauli kila Ijumaa. Jina la kwanza ni la mzee wetu. Alipanda basi alfajiri akiwa na mwanawe, na mbuzi wake wawili wamebaki zizini. Majibu tutayapokea kwa subira, yawayo yote. Inshaallah tarehe itakayofuata haitapita.

Wabillahi tawfiq.