Mume Wangu, Mimi na Donati ya Kujificha

Nilikuwa natafuta chaja ya simu kwenye gari la mume wangu. Nikapitisha mkono chini ya kiti cha dereva, nikaibuka na mfuko wa karatasi uliolowa mafuta, ndani yake punje za sukari na kipande cha donati. Mwenzangu, wengine hukuta lipstiki. Mimi nilikuta donati, na nakwambia ukweli, iliniuma vilevile.

Maana ulikuwa mwezi wa tatu tangu aje na majibu ya kipimo cha HbA1c: asilimia 7.4. Ukifika 6.5 tayari ni kisukari. Ana miaka 36, hana kitambi cha kutisha, kila Jumamosi yuko uwanjani. Daktari akamwandikia metformin, akamwambia apunguze wanga na sukari, atembee. Basi mimi nikajipa cheo. Maandazi marufuku, chapati za Jumapili zikafutwa, kopo la sukari likahamia juu kabisa ya kabati. Nilidhani ndo mapenzi. Kumbe nimegeuka askari magereza, na mfungwa naye akaanza kutafuta pa kutorokea.

Usiku ule tuligombana mpaka saa sita. Mwishoni akasema kwa sauti ndogo, "Mama Junior, kila nikitia kitu mdomoni unanihesabia. Kule kwenye gari angalau nakula kama mtu mzima."

Sikuwa na jibu. Asubuhi nikaamua: kama ni donati, atakula ya hapa nyumbani, mezani, mchana kweupe.

Haraka nikagundua kosa tunalofanya wengi. Donati isiyo na sukari si lazima iwe na wanga kidogo. Donati ni unga kwanza, sukari baadaye. Unga mweupe wa ngano una wanga kama gramu 76 katika kila gramu 100, na wanga huo ukishameng'enywa unakuwa glukosi kwenye damu. Ukitoa sukari ukaacha ngano, umefukuza mwizi mmoja, mwenzie yumo ndani. Shoga yangu akanishauri unga wa muhogo eti hauna gluteni. Kweli hauna, ila ni wanga kupita hata ngano! Asali na tende nazo ni sukari tu, hata zikisifiwa vipi. Unaofaa ni unga wa lozi, wenye wanga gramu 20 hivi kwa 100, karibu nusu yake nyuzinyuzi. Nikaenda supamaketi, nikaona bei ya kile kipaketi, nikakirudisha taratibu kama mtoto aliyelala.

Kumbe dawa nilikuwa naitupa kila wiki: machicha ya nazi. Ukishakamua tui, kilichobaki kina nyuzinyuzi nyingi na wanga kidogo, na ukikikausha na kukisaga unapata unga.

Mama mkwe alipopiga simu nikamwambia najifunza donati zisizo na wanga. Kimya. Halafu, "Mwanangu, kwani huko mtaani kwenu kuna wanga?" Ilibidi nimweleze kuwa ni wanga wa kwenye ugali, si wale wa usiku.

Jaribio la kwanza lilikuwa aibu. Nilinunua stevia, nikaipima kwa vijiko kama sukari. Stevia halisi ina utamu wa mara 200 hadi 300 ya sukari, na ikizidi inakuwa chungu. Baba Junior akatafuna, akanitazama, akauliza, "Mke wangu, hii ni kutwa mara ngapi, kabla au baada ya kula?" Tukacheka mpaka machozi. Tulikuwa na wiki nyingi hatujacheka hivyo.

Mara ya pili nikakaanga, zikasambaratika kwenye mafuta. Gluteni ya ngano ndo inayoshikanisha kinyunga na kuikamata hewa ya hamira. Unga wa nazi hauna kitu hicho, kwa hiyo hamira haikusaidii, kusukuma na kukata haiwezekani. Kinachoshikilia ni mayai, na mapishi yake ni oveni.

Mara ya tatu mwenyewe akaingia jikoni na kukamata mwiko. Tulifanya hivi. Machicha ya nazi mbili, yaliyokamuliwa sawasawa, tunayatandaza kwenye trei, oveni nyuzi 100 kwa saa moja hivi, tukiyageuza, mpaka yakauke bila kuwa kahawia. Tunasaga kwenye blenda na kuchekecha. Nusu kikombe cha unga huo kinatoa donati sita hadi nane ndogo. Changanya robo kikombe cha siagi iliyoyeyuka na robo kikombe cha mtindi usiotiwa sukari, iliki, vanila, chumvi kidogo, na stevia ya ncha ya kijiko tu. Onja hapo, kabla mayai mabichi hayajaingia. Ndipo utie mayai manne yaliyopigwa, unga, na nusu kijiko cha chai cha beking pauda. Acha dakika 10 unga unywe, maana huu unakunywa kweli. Ukiona rojo ni zito kuliko uji mzito, ongeza mtindi. Huna trei ya donati? Tumia ya keki ndogo, katikati ya kila tundu simamisha kijiti cha foili iliyopakwa siagi. Nyuzi 180, dakika 15 hadi 20. Ziache zipoe kabla ya kuzitoa, la sivyo zitakatika.

Kwenye paketi ya stevia soma maandishi madogo. Nyingine zimejazwa dextrose au maltodextrin, na hizo zinapandisha sukari. Na kama mwenzio anatumia insulini au vidonge kama glibenclamide, mwone daktari kabla ya kupunguza wanga, kwani sukari inaweza kushuka ghafla.

Je, ni kama ya dukani? Hapana. Haivutiki, inakaribia keki, na inanukia nazi. Atakayekwambia hutaona tofauti, ana kitu anakuuzia. Ila Baba Junior alitaka ushahidi. Asubuhi moja alikula ya dukani mbele yangu, chai isiyo na sukari, na baada ya saa mbili akajitoboa kidole: 12.1. Asubuhi nyingine ya kwetu: 7.8. Vipimo viwili si utafiti, lakini alivisoma mwenyewe, na mimi, kwa mara ya kwanza, nilifunga mdomo.

Kipimo kilichofuata cha HbA1c kilikuwa 6.7. Simsifii donati, ni dawa, kutembea, na sahani ya wali iliyopungua. Kopo la sukari nimelishusha, wageni wanalitumia.

Ijumaa iliyopita ofisini kwao kulikuwa na sherehe. Saa kumi simu yangu ikalia, picha ya donati ya chokoleti iliyokatwa katikati, na ujumbe: "Nimekula nusu, nusu nimempa mlinzi. Unga wetu umeisha, nipitie nazi ngapi?"