Bafu la Mtindo wa Gothiki: Pambo Lisilofukuza Mwanga

Wengi wasikiapo habari za mtindo wa Gothiki hudhani kuwa ni mtindo wa giza. Dhana hiyo si sahihi. Mtindo huo ulizaliwa Ufaransa katika karne ya 12. Miongoni mwa majengo yake ya kwanza ni kanisa la Saint-Denis, karibu na Paris, ambalo upande wake wa madhabahu ulikamilika mwaka 1144. Mafundi walijenga matao yenye ncha juu, wakaweza kutia madirisha makubwa ya vioo vya rangi ili nuru iingie kwa wingi. Hapa Afrika Mashariki, matao ya namna hiyo yaonekana katika Kanisa la Mtakatifu Yosefu, Dar es Salaam.

Katika karne ya 19 mtindo huo ulifufuliwa Uingereza, ukaingia hata bafuni. Katika ngome ya Cardiff, huko Wales, msanifu William Burges alimpambia Marquess wa Bute bafu lenye hodhi la marumaru la zama za Warumi, likatiwa nakshi za samaki wa madini.

Mwenye kipato cha kawaida hahitaji marumaru. Tao moja la ubao juu ya kioo latosha. Ikiwa kioo kina upana wa sentimita 40, na apige mstari wa urefu huo juu ya ubao mwembamba. Apigilie msumari katika ncha moja, afunge uzi wenye penseli ufikao ncha ya pili, kisha achore upinde kwenda juu. Akirudia hivyo kwa upande wa pili, pinde hizo zitakutana kiasi cha sentimita 35 juu ya mstari. Ubao ukikatwa na kupakwa rangi ya mafuta, nyekundu iliyoiva au buluu, hutundikwa kwa misumari miwili. Familia ikihamishwa kituo huondoka nao, na ukuta wa nyumba ya serikali haubomolewi.

Kuta na dari yafaa zibaki nyeupe. Rangi nyeusi huficha ukungu uletwao na unyevu, na sakafu ya giza huficha maji yaliyomwagika, mtoto au mzee akateleza. Mishumaa iwe mbali na pazia, na dirisha lisizibwe kamwe kwa ajili ya pambo. Waliobuni mtindo huu walitafuta mwanga. Anayeufuata hana budi kuutafuta vilevile.